Paka wangu ananing'ata: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kwangu kuna paka watatu. Karafuu ni jike wa rangi tatu, mwenye hasira za karibu. Uduvi ni dume mchanga ambaye bado hajajua tofauti ya mkono na panya. Bi Mkubwa ametimiza miaka 14 na wote tunamheshimu, mimi nikiwemo. Majirani wakiona mtu ana paka watatu humfanya daktari. Mimi si daktari. Daktari wa mifugo nitamtaja mara kadhaa hapa chini, na kila nikimtaja nina maana uende kweli. Mengine nimejifunza kwa mikono yangu, na makovu ninayo.

Amekuja mwenyewe kupakatwa, nampapasa, anakoroma kwa raha, mara ananing'ata. Kwa nini ananigeuka ghafla?

Hili ndilo swali la kwanza kwa karibu kila mtu, na jibu lake huwaudhi: hakukugeuka ghafla. Alikuambia mara nne au tano, ila wewe ulikuwa unaangalia simu.

Mwangalie Karafuu akiwa mapajani kwangu. Mara tano sita za kwanza ninazompapasa, amelegea kama kitambaa. Kisha ncha ya mkia inaanza kucheza, ncha tu, kushoto kulia. Nikiendelea, ngozi ya mgongo inapita wimbi dogo, kama ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Kukoroma kunakatika. Masikio yanalala pembeni. Mboni za macho zinapanuka hadi jicho linakuwa jeusi. Kichwa kinageukia mkono wangu. Baada ya hapo ni meno. Yote hayo hayazidi nusu dakika, lakini nusu dakika ni muda mrefu kwa mtu anayetazama.

Wengi hupotezwa na mkia. Wamezoea mbwa, wakiona mkia unatikisika wanadhani ni furaha. Mkia wa paka unaochapa huku na huku maana yake amechoshwa.

Dawa yake ni kuacha kabla hajakuachisha. Mpapase mara tatu, ondoa mkono, subiri. Akikusukuma kwa kichwa, endelea mara tatu nyingine. Akikaa kimya au akiangalia pembeni, imetosha kwa leo. Na uchague mahali: chini ya kidevu, mashavuni, kati ya jicho na sikio. Shina la mkia wengine hulipenda, na wengine ukiligusa wanaua mtu. Tumbo liache. Wazee walishasema paka hakubali kulala chali. Akijilaza mwenyewe na kukuonyesha tumbo anakuonyesha kwamba anakuamini, hajakukaribisha ulishike.

Mtoto wa paka anang'ata mikono na kuparura kila mtu. Ataacha akikua?

Hataacha mwenyewe. Atakua na meno yatakua.

Mtoto wa paka hujifunza kiasi cha kung'ata kwa mama yake na nduguze. Akimuuma nduguye kwa nguvu, nduguye analia, anamrudishia au anaondoka, mchezo unakwisha. Ndiyo maana si vizuri kumtoa kwa mama kabla ya wiki 8, na akikaa hadi 12 ni bora zaidi. Mitaani kwetu hilo ni gumu. Uduvi aliletwa ndani ya boksi la viatu, macho yamefunguka juzi, hana mama wala ndugu. Kwa hiyo kazi ya ndugu ikawa yangu.

Kosa kubwa nililifanya mwanzoni, na naliona kila nyumba: kucheza naye kwa vidole. Akiwa na gramu 500 inachekesha, tunapiga picha. Akifika kilo nne hatucheki tena, naye haelewi sheria imebadilika lini. Tangu siku ya kwanza mkono uwe wa kulishia na kubembelezea, na mchezo uwe na kitu chake. Duka halihitajiki. Kipande cha khanga kuukuu kilichofungwa fundo mwisho wa kamba, kamba ifungwe kwenye kijiti ili meno yawe mbali na vidole. Kizibo cha chupa ya maji kwenye sakafu ya saruji kinamtosha robo saa. Mchezo ukiisha okota kamba uiweke juu, maana paka akimeza uzi unaweza kumkunja matumbo.

Akikuuma katikati ya mchezo, mchezo ufe palepale. Usipige kelele, usimsukume (kusukumana ni mchezo pia). Simama, ondoka, funga mlango, dakika mbili tatu. Nyumba nzima ifanye hivyo. Mjomba mmoja anayekuja Jumapili na kumchezea kwa mkono anafuta kazi ya wiki yote. Kwangu mjomba huyo yupo.

Alfajiri ananivizia miguu chini ya shuka. Nina kosa gani?

Kosa lako ni kwamba vidole vinatikisika saa ambayo yeye ameumbwa awinde. Paka huchangamka zaidi kunapopambazuka na magharibi. Kutwa nzima umekuwa kazini, amelala masaa kumi na kitu, hana panya, hana pa kupanda.

Mchezeshe jioni kwa dakika 10 hadi 15, kwa bidii, akimbie hadi alale ubavu anahema. Mwache akamate ile khanga mara kadhaa; windo lisilokamatika linamtia hasira, ndiyo maana sipendi kumchezesha kwa mwanga wa tochi ya simu ukutani. Halafu mpe chakula chake kikubwa cha siku hapohapo. Kuwinda, kukamata, kula, kujilamba, kulala: ndivyo mwili wake unavyokwenda. Ukimpa dagaa saa kumi na mbili jioni na mchezo saa nne usiku, umepindua mpango.

Si nimzabe kofi moja tu ajue? Au nimmwagie maji?

Utamfundisha kitu, ila si kile ulichokusudia. Paka haunganishi kofi na kosa lake la sekunde tano zilizopita. Anaunganisha kofi na mkono wako. Mwenye woga atajificha chini ya kitanda na kukuuma ukimtoa. Mwenye moyo atakurudishia. Nimeshaona paka aliyekuwa akichapwa kwa kandambili: mwishowe alikuwa akishambulia kandambili zikiwa mlangoni zenyewe, hazina mtu.

Maji yana matatizo yaleyale. Yanamkatisha leo, kesho anasubiri mwenye chupa atoke. Na kumshika mkubwa kwa ngozi ya shingo umninginize kama mamaye alivyombeba, hapana. Mtoto hulegea akibebwa hivyo. Mkubwa anaumia na anaogopa.

Amening'ang'ania mkono sasa hivi kwa meno na kucha zote. Nifanyeje?

Ganda. Usivute. Windo linalovuta ndilo linalong'atwa zaidi, na kuvuta ndiko kunakochana nyama. Ukiweza, sogeza mkono kidogo kuelekea kwake, kinywa hulegea. Akiachia, ondoka polepole bila kumkazia macho.

Alikuwa mpole miaka yote. Mwezi huu hataki kuguswa. Amekuwa mkorofi?

Paka mzima hawi mkorofi ghafla bila sababu. Hapa usiendelee kusoma maswali mengine, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Bi Mkubwa alikuwa hivyo. Alianza kunguruma nikimgusa shavu, shavu lilelile alilokuwa akinisugulia kila asubuhi. Nikasema uzee. Akaendelea kula, kwa hiyo sikushtuka. Ila alikuwa anatafuna upande mmoja na punje zinamdondoka. Daktari alipomfungua kinywa, fizi zilikuwa nyekundu kama nyanya na jino moja limeoza hadi shina. Liling'olewa, na baada ya wiki mbili shavu likarudi mkononi mwangu. Nilikuwa nimemwita mkorofi kwa miezi mitatu, bibi wa watu.

Meno ni moja. Mengine ni maumivu ya viungo kwa wazee, jipu lililofichwa na manyoya baada ya kupigana usiku, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambapo paka mzee anakula sana, anakonda na hana subira. Dume anayekwenda mara kwa mara kwenye mchanga wake wa haja, anajikamua, analia na mkojo hautoki, huyo ni wa kukimbizwa leo hiihii. Njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache.

Na tafadhali, usimpe Panadol. Paracetamol ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Vilevile dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin. Muuza duka akikuambia "ni ileile, punguza tu kipimo", rudisha chupa. Mimi niliambiwa hivyo, na kama nisingesoma maandishi madogo ubavuni ningemzika Uduvi.

Alikuwa dirishani, ametulia, nikamgusa mgongo akanirukia kama simba. Hii nayo?

Kovu la kidole gumba changu ni la jambo hili. Jioni moja Karafuu alikuwa juu ya dirisha la jikoni. Nje, juu ya ukuta wa jirani, palikaa shume mmoja mwenye sikio lililopasuka, anamtazama. Karafuu mkia umevimba kama ufagio, sauti inatoka chini kabisa. Nikaona nimtulize. Nikamwekea mkono mgongoni, "basi, basi." Hata hakunitazama, aligeuka akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa mimi.

Paka aliyepandwa na hasira kwa adui asiyeweza kumfikia humshushia yeyote aliye jirani, mtu au paka mwenzake. Na haipoi haraka. Anaweza kukaa masaa kadhaa, wengine hadi kesho yake, bado damu inachemka. Usimguse, usimbembeleze, usimwite. Zima taa, mfungie chumba kimoja chenye maji na mchanga wa haja, mwache. Ukilazimika kumsogeza, tumia taulo nene au mto, kamwe si mikono mitupu.

Kisha shughulika na chanzo. Mimi nilibandika karatasi kwenye nusu ya chini ya kioo, na mabaki ya samaki yaliyokuwa yakimwita shume yule nikaacha kuyaweka nje usiku.

Kumhasi kutasaidia?

Kama ni dume anayepigana na madume wenzake, anayezurura na kukojolea kuta, ndiyo, sana. Kazi hiyo hufanywa mapema, miezi minne mitano hivi, kabla tabia haijaota mizizi. Kama anakuuma kwa sababu umemzoesha kuchezea mkono, kuhasi peke yake hakutabadilisha kitu. Jike naye afungwe kizazi. Kelele za jike anayetaka dume na madume wanaokusanyika ukutani huanzisha nusu ya ugomvi wa mtaa.

Amezaa, na hataki tusogelee boksi.

Ana haki. Mpe kona yenye giza na utulivu, chakula na maji karibu, wageni wasiletwe kuona watoto. Baada ya wiki chache atalegeza.

Nimeleta paka wa pili, wanakaribia kuuana.

Uliwakutanisha siku ya kwanza, sivyo? Rudi mwanzo. Mgeni akae chumba chake, mlango umefungwa, kwa siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi. Wajuane kwanza kwa pua: chukua kitambaa alicholalia huyu mpelekee yule, na kinyume chake. Walishe pande mbili za mlango uleule, sahani zianze mbali zisogee kila siku. Siku wanakula wametulia huku mlango uko katikati, fungua upenyo wa mkono. Wakitunishiana, rudi hatua moja. Nimewahi kuchukua wiki sita kwa Karafuu na Uduvi, na hadi leo wanalala vyumba tofauti.

Sahani ziwe mbalimbali. Sehemu za haja ziwe moja zaidi ya idadi ya paka: wawili, sehemu tatu. Nyumba ikiwa ndogo, panda juu. Rafu au juu ya kabati ni chumba kizima kwa paka. Wakishikana, usitie mkono katikati. Piga sufuria, tupa khanga juu yao, chomeka kipande cha kadibodi kati yao.

Tuna mtoto wa miaka mitatu. Tumtoe paka?

Kwanza mfundisheni mtoto, maana yeye anasikia Kiswahili. Hashiki mkia, hamfuati paka aliyejificha, hamgusi anayekula au aliyelala, anampapasa kwa kiganja kilichofunguka mtu mzima akiwepo. Paka naye awe na mahali pa juu ambapo mtoto hafiki. Wawili hawa wasiachwe peke yao chumbani, hata dakika ya kuchungulia chungu jikoni.

Ameniuma na damu imetoka. Nipake nini?

Sabuni na maji, basi. Usipake majivu, mafuta ya taa, tumbaku wala ndimu.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uziangalie kwenye saa. Bomba likiwa limekatika, mtu akumiminie kwa kata. Ukimaliza, tia dawa ya kuua vijidudu kama unayo, kisha nenda kituo cha afya. Najua tundu ni dogo. Hapo ndipo linapodanganya: jino la paka ni jembamba kama sindano ya cherehani, linaingia ndani, likitoka ngozi inajifunga juu na kuacha bakteria chini. Wanaoitwa Pasteurella multocida wamo vinywani mwa paka wengi kabisa, wenye afya nzuri tu, na majeraha ya kung'atwa na paka huoza mara nyingi kuliko ya mbwa. Kidole changu kile nilikisuuza harakaharaka nikaenda kununua maandazi. Alfajiri kilikuwa kimevimba, chekundu, kinadunda, siwezi kukikunja. Nilikaa kwenye dozi ya antibayotiki siku saba, na daktari akanigombeza siku zote saba. Jeraha la mkononi au kwenye kiungo, mwenye kisukari, mjamzito, mtoto, mzee: hawa wasingoje uvimbe. Uliza pia kama sindano yako ya pepopunda imepitwa na wakati.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Jina linawapoteza watu. Paka pia hukipata, mara nyingi akishaumwa na mbwa mgonjwa, na humwambukiza mtu kwa kumng'ata, kumparura, au mate yakigusa kidonda. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Zikiwa bado, chanjo inamwokoa. Basi ukiumwa na paka usiyemjua, au wako asiyechanjwa, waeleze kituoni hivyohivyo. Chanjo huanza siku hiyo, ikafuata siku ya 3 na ya 7, na inapodungwa kwenye msuli huongezwa nyingine kati ya siku ya 14 na 28. Jeraha lililochanika au kutoa damu huhitaji pia kingamwili inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Usikatishe katikati kwa sababu unajisikia mzima. Paka anayejulikana huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi mateni siku alipokuuma. Lakini chanjo yako haisubiri zile siku kumi ziishe.

Paka anayeshambulia bila kuchokozwa, sauti imebadilika, mate yanamtoka, anayumba miguu ya nyuma: usimkamate. Mwite ofisa mifugo. Na wako mchanje. Chanjo ya kwanza huanza akiwa na wiki 12 hivi, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari.

Nikimng'oa kucha si itaisha?

Kumng'oa kucha ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Atabaki na maumivu, na kwa kuwa umemnyang'anya silaha ya kwanza atatumia ya pili, ambayo ni meno. England ni marufuku kufanya hivyo ila kwa sababu ya matibabu. Kata ncha tu, sehemu nyeupe, usiguse ile nyekundu yenye damu ndani, kila baada ya wiki mbili tatu. Anza na ukucha mmoja na kipande cha samaki. Kesho mwingine.

Nimechoka. Nimtie kwenye gunia nikamwache soko la samaki?

Nakuelewa uchovu wako, lakini hapana. Paka wa nyumbani hajui kugombania utumbo wa samaki na mashume hamsini wa pale. Wiki ya kwanza ataumwa, na wa pili kuumwa atakuwa mpita njia. Wengine hurudi, maana wameshika nyumba kuliko walivyomshika mwenye nyumba, na anayerudi amekonda ana woga zaidi ya alivyoondoka. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Gunia halikuandikwa humo kama njia ya kulea.

Kabla ya kukata tamaa, shika daftari wiki mbili. Kila akiuma andika saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitangulia. Mama mmoja jirani yangu aliniapia paka wake anauma "saa yoyote, mtu yeyote". Daftari likaonyesha mara tisa kati ya kumi na moja ni saa moja usiku, korido ileile, mtu akipita kati ya paka na sahani yake. Sahani ikahamishiwa stoo. Hakuna kingine kilichofanyika.

Ukijaribu hayo yote, daktari amemwona, na bado nyumba haikaliki, mtafutie mtu asiye na watoto wadogo, mwenye uwanja na panya, na umwambie ukweli wote wa tabia zake. Na kabla hujauliza: hapana, kwangu hapana nafasi. Bi Mkubwa amekataa.